Mashine Moja, Ploti Nzima

SWALI: Ploti yetu ina mashine moja ya kufua kule juu paani, na wapangaji wote tunaipokezana. Wengine hutia nepi, taulo na soksi pamoja. Je, naweza kupata kisonono au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) nikifua nguo zangu za ndani baada yao?
Mpangaji, Roysambu

JIBU: Kisonono, hapana. Virusi vya Ukimwi pia hapana, kwa hiyo hofu hiyo iweke kando kabisa. UTI nayo mara nyingi huletwa na bakteria wa utumbo wa mtu mwenyewe. Wanaosafiri kwa nguo ni wengine: bakteria na virusi vya kuhara kutoka kwenye kinyesi, bakteria wa majipu, na fangasi wa choa na wa vidole vya miguu. Nepi na soksi ulizozitaja ndizo mlango wao.

Vijidudu hivyo havifi kwa sababu ya maji baridi. Mtu ana haraka, anabonyeza programu ya dakika 15 kwa maji baridi. Sabuni inatoa uchafu, vijidudu vingi vinaondoka na maji machafu, lakini vilivyobaki vinahama kutoka nepi hadi shati lililo karibu nayo, au vinangoja mpangaji anayefuata. Kinachoviua ni nyuzijoto 60, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwani si kila mashine inaweza kufika huko. Nyingi za kufunguliwa juu huvuta maji ya mfereji jinsi yalivyo, hazina hita. Za mlango wa mbele kwa kawaida zinayo. Chagua programu ya pamba, nyuzijoto 60, kisha baada ya nusu saa weka kiganja kwenye kioo cha mlango. Kinafaa kuwa na moto kama kikombe cha chai. Kikiwa baridi au vuguvugu tu, hita ina kasoro. Mwambie keateka siku hiyo hiyo. Programu ya kuokoa stima usiitegemee kwa nguo za mgonjwa, kwa sababu nyingi huosha kwa muda mrefu lakini kwa joto la chini kuliko unavyodhani.

Kama mashine yenu haina hita, nguo nyeupe za pamba na nepi zichukulie hatua kwenye ndoo kabla ya kuzipandisha. Kinyesi kitolewe chooni kwanza na nguo isuuzwe, maana uchafu hula nguvu ya klorini. Kisha pima maji lita 10, tia Jik, yaani dawa ya klorini ya kufulia, mililita 150 (tazama kibandiko kiwe kimeandikwa karibu asilimia 3.5), loweka dakika 30, suuza, ndipo ufue. Sufu, hariri na nguo za kuvutika usizitie humo, zitaharibika. Za rangi fua kwa sabuni ya unga yenye dawa ya madoa isiyo ya klorini, kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili.

Usijaze dramu hadi pomoni. Nafasi ya kiganja ibaki juu ya nguo, la sivyo maji hayapenyi katikati ya mzigo. Ukitoa nguo mbichi, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso au chakula, kwa kuwa mikono ndiyo husahauliwa zaidi katika kazi hii yote. Anika mara moja, juani. Mwezi wa Julai jua la Nairobi likijificha na nguo zikakaa kambani siku mbili zikiwa na unyevu, piga pasi ya moto nguo za ndani na taulo, mishono hasa.

SWALI: Mtoto wangu ameambiwa ana upele wa utitiri. Sitaki kuwaambukiza majirani kupitia mashine. Nifanyeje?
Mama, Kasarani

JIBU: Pole sana, mama, na asante kwa kuwafikiria majirani. Utitiri huo hauwezi kuishi mbali na ngozi ya mtu zaidi ya siku 2 au 3 hivi, na maji ya nyuzijoto 50 kwa dakika 10 huumaliza. Kusanya shuka, taulo na nguo zote alizotumia siku 3 kabla ya dawa, zibebe ndani ya mfuko uliofungwa, zimimine moja kwa moja kwenye mashine bila kuzikung'uta, ufue kwa nyuzijoto 60. Visivyofulika, kama viatu na midoli, funga kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja. Dawa ipakwe na watu wote wa nyumba siku moja, hata wasiowashwa, na irudiwe kama daktari alivyoagiza. Nyumba nyingi hurudi palepale kwa kumtibu mtoto peke yake.

SWALI: Mashine ninayoitunza inanuka uvundo. Huwa natia siki na Jik pamoja. Mbona harufu inarudi?
Keateka, Kilimani

JIBU: Ndugu, acha mchanganyiko huo leo. Siki ikikutana na Jik hutoa gesi ya klorini, nayo huchoma mapafu, zaidi kwenye chumba kisicho na dirisha.

Harufu inatoka kwenye utando wa utelezi. Kunja mpira wa mlango kwa kidole uone ule mfereji wa ndani: utakuta maji meusi, nywele, pengine sarafu. Futa, kisha pangusa kwa kitambaa chenye Jik mililita 30 kwa lita moja ya maji, ngoja dakika 10, upanguse tena kwa maji matupu ili mpira usiliwe na nguo za anayefuata zisipate madoa. Chomoa droo ya sabuni uisugue kwa mswaki. Zima stima, weka karai chini, fungua chujio kilicho chini mbele na ukisafishe. Malizia kwa kuendesha mashine tupu kwa nyuzijoto 90, mara moja kwa mwezi, na kwa ploti kubwa kila wiki. Mlango na droo viachwe wazi kila mtu anapomaliza, na nguo zisilale ndani usiku kucha.