Mwalimu Mstaafu Anajibu: Elizabeth yupi, wa zamani au wa juzi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa kidato cha tatu kapewa insha ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Nimechungulia daftari lake, nakuta kaandika habari za yule aliyefariki 2022. Mimi nakumbuka kuna wa zamani, asiyeolewa, ambaye mama yake alikatwa kichwa. Je, huyo ndiye bibi mzaa bibi wa huyu wa juzi? Na mtoto wa mama aliyeuawa na mfalme alikifikiaje kiti? – Mama Watatu, Morogoro.

JIBU: Marahaba, mama. Binti asijisikie vibaya; katika miaka yangu ya kusahihisha nimekutana na Elizabeth wa Kwanza aliyepata umalkia akiwa Kenya! Aliyekuwa Kenya, Februari 1952, ni wa Pili. Wa Kwanza hakuzaa, kwa hiyo hawezi kuwa bibi wa mtu. Huyu wa Pili anatokana na Margaret, shangazi yake yule wa Kwanza, kupitia wafalme wa Scotland.

Elizabeth wa Kwanza alizaliwa Greenwich tarehe 7 Septemba 1533. Baba yake, Henry VIII, alikuwa akisubiri mtoto wa kiume. Tarehe 19 Mei 1536 mama yake, Anne Boleyn, akakatwa kichwa ndani ya Mnara wa London, ngome iliyotumika pia kama gereza, na mtoto, ambaye hata miaka 3 hajatimiza, akatangazwa kuwa wa nje ya ndoa. Watu husimulia upanga tu. Mimi napenda barua ya mlezi wake, Lady Bryan, aliyomwandikia waziri Thomas Cromwell mwaka huohuo: mtoto hana gauni, hana hata shumizi, na magego yanamsumbua, yanaota polepole. Hebu fikiria, binti wa mfalme anaombewa nguo kama yatima wa jirani.

Kusoma alisoma. Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, Kiitaliano. Akiwa na miaka 11 alimtafsiria mama yake wa kambo, Katherine Parr, kitabu cha shairi la kidini kutoka Kifaransa, na jalada akalidarizi kwa mkono wake. Kitabu hicho kipo Oxford mpaka leo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningekuwa darasani ningelitumia kipindi kizima. Mapema 1554 dada yake wa baba mmoja, Mary, ndiye malkia. Yakazuka maasi kupinga Mary kuolewa na Philip wa Hispania, na Elizabeth, mwenye miaka 20, akashukiwa. Mabwana wawili wakaja kumchukua kwa mashua kumpeleka Mnarani, kule kule alikofia mama yake. Akaomba aandike barua kwanza. Akaandika taratibu, maji ya mto Thames, yanayojaa na kupwa kama ya bahari, yakabadilika, mashua ikashindwa kupita siku hiyo. Kapata siku moja! Ukurasa wa pili maneno yalipoisha ikabaki nafasi nyeupe kubwa, naye akaichora mistari ya mshazari mpaka chini karibu na sahihi yake, ili asije mtu akachomeka sentensi ya kumnyongea. Ndivyo wahasibu wetu wanavyofanya kwenye hati ya malipo, na ndivyo nilivyowadai wanafunzi wangu kwenye karatasi za mtihani, wakaniona mkorofi.

Barua haikumsaidia. Kesho yake, mvua ikinyesha, akaingizwa Mnarani. Ushahidi haukupatikana, akatolewa tarehe 19 Mei, siku ileile aliyouawa mama yake miaka 18 nyuma, akaenda kufungiwa Woodstock.

Kiti alikipata kwa sheria. Baba yake kabla hajafa aliwarudisha mabinti wote wawili kwenye orodha ya warithi, ingawa hakuwafutia ule uharamu. Ndugu yao Edward akafa 1553, Mary akafa 17 Novemba 1558 bila mtoto, zamu ikamfikia. Akatawala miaka 44.

Insha nyingi hujaa vita vya 1588 dhidi ya meli za Hispania. Sawa, ila binti asiache upande mwingine. Mwaka 1564 malkia huyu alimpa John Hawkins meli yake mwenyewe, Jesus of Lübeck, na Hawkins akaitumia kubeba watu wa Afrika Magharibi kwenda kuwauza Amerika. Sifa za ‘zama za dhahabu’ zisomwe pamoja na hilo. Na kwetu huku? Mwaka 1591 meli ya Kiingereza, Edward Bonaventure, ikiongozwa na James Lancaster, ilitia nanga Zanzibar, ikakaa hadi Februari. Lancaster huyohuyo ndiye aliyeongoza safari ya kwanza ya Kampuni ya India Mashariki, ambayo malkia aliipa hati tarehe 31 Desemba 1600.

Alifariki 24 Machi 1603, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, na sasa yumo katika kaburi moja na Mary, dada aliyemfunga. Majeneza yapo mawili, sanamu iliyolazwa juu ni moja tu, ya Elizabeth.