Umeme wa bahari: nitajie saa, megawati baadaye

Maswali ya safari hii ni mengi, na karibu yote yanahusu kupata umeme kutoka baharini. Yaliyouliza "upi ni bora" bila kusema bora wapi na kwa kazi gani nimeyaweka kando.

Swali: Umeme wa mawimbi na umeme wa maji kujaa na kupwa si kitu kimoja?

Si kimoja, na hili limerudi tena. Mawimbi huzaliwa na upepo; kujaa na kupwa huletwa na mvutano wa mwezi na jua. Mawimbi unayatabiri kwa siku chache tu. Ratiba ya kupwa na kujaa kwa mwaka 2050 unaweza kuipanga leo. Tafadhali lisirudi.

Swali: Kituo cha La Rance, Ufaransa, kina megawati 240. Kwa nini nchi zenye pwani ndefu zisijenge kumi kama hicho zikaachana na mafuta?

Urefu wa pwani hausaidii kitu. Kituo cha namna ile, chenye ukuta unaoziba mlango wa mto na turbini ndani yake, kinataka tofauti kubwa kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa. Pale La Rance wastani wake ni kama mita 8, na bamvua kubwa, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mpevu, huvuka 13. Fuo nyingi duniani hazifikii hata nusu ya wastani huo.

Halafu hizo megawati zenyewe. Hiyo 240 ni uwezo wa turbini zake 24 zikizunguka zote kwa nguvu zote. Zingefanya hivyo mwaka mzima bila kupumzika, zingetoa zaidi ya gigawati-saa 2,100 (moja ni uniti milioni). Kinachopatikana ni takriban 500, kama robo hivi. Wala si ubovu: maji hubadili mwelekeo kila baada ya saa 6 na dakika kadhaa, kuna muda yanatulia, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, hayana nguvu ya bamvua. Kituo cha Sihwa, Korea Kusini, chenye megawati 254 tangu 2011, nacho kiko kwenye robo hiyo hiyo. Kuusifu mtambo kwa megawati zake ni kusifu gari kwa namba kubwa ya mwisho kwenye spidomita bila kuuliza limetembea kilomita ngapi. Sifa ya kweli ya La Rance ni kwamba kimeanza 1966 na bado kinafanya kazi. Waandishi wa habari, nanyi nawaomba: mkisikia kituo kinazinduliwa, ulizeni kitatoa uniti ngapi kwa mwaka.

Swali: Nimebuni mtambo. Boya linasukuma pampu, pampu inapandisha maji, maji yanazungusha turbini, na umeme wake unarudi kuendesha pampu hadi unazidi. Nani atanifadhili?

Asiyesoma fizikia. Ukiiondoa hiyo sehemu ya kurudisha umeme, niandikie tena.

Swali: Maji ni mazito kuliko hewa. Turbini za chini ya bahari si zitazishinda za upepo?

Swali zuri, ila wengi huishia hapo kwenye uzito. Ni kweli maji ya bahari ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800, na mkondo ukiongeza kasi maradufu, nguvu yake huwa mara 8. Lakini uzito huo unaozungusha panga ndio huo huo unaolivunja. Mwaka 2009 turbini ya kampuni ya OpenHydro ilizamishwa kwenye Ghuba ya Fundy, Canada, yenye kupwa na kujaa kukubwa kuliko kwote duniani. Ndani ya wiki chache mapanga yalikuwa yamevunjika. Mwaka 2018 kampuni ile ile ilizamisha nyingine hapo hapo, na haikupita hata wiki kabla kampuni yenyewe kuanguka. Turbini ikabaki chini, haizunguki.

Sasa linganisha na MeyGen, kaskazini mwa Scotland. Turbini 4 tu, megawati 6 kwa jumla, hakuna wa kuipigia ngoma. Lakini turbini yake moja imefanya kazi zaidi ya miaka 6 bila kusimamishwa kwa matengenezo ya dharura. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko uzinduzi wowote, maana kuiopoa turbini kunataka meli maalumu na bahari iliyotulia, na gharama yake hula faida yote.

Swali: Samaki je?

Inategemea umeziba nini. La Rance walipojenga ukuta, mlango wa mto ulifungwa kabisa kwa miaka kama 3. Viumbe wengi walikufa, na uhai ulichukua takriban miaka 10 kurejea. Sihwa ni kinyume: ukuta ulikuwapo tayari, maji nyuma yake yameoza kwa uchafu, kituo kikayarudishia mzunguko. Anayesema "hakuna madhara" na anayesema "samaki wote watakwisha" wote wawili hawajataja mahali.

Swali: Umeme wa bahari ni wa bei rahisi kuliko wa jua?

Hapana.

Swali: Nasikia joto la bahari pekee linatosha kuzalisha umeme.

Linatosha, ukiwa na maji ya juu yenye joto na ya chini yenye baridi, tofauti ya nyuzi 20 hivi. Baridi hiyo huifikii mpaka ushushe bomba kama mita 1,000. Georges Claude, Mfaransa, alijaribu Cuba mwaka 1930: akapoteza mabomba baharini, alipofanikiwa akapata kilowati 22, na pampu zikala umeme kuliko uliotoka. Leo mambo ni nafuu, lakini bomba bado ndilo mtihani.

Swali: Kuna kampuni ya mawimbi inauza hisa. Niingie?

Uliza mtambo wao umekaa baharini miezi mingapi mfululizo. Wakikuonyesha video ya kompyuta, funga pochi. Kampuni ya mawimbi ya Pelamis ilikuwa na mitambo ya kweli, mitatu, ikiunganishwa na gridi Ureno mwaka 2008. Ilidumu miezi michache, na kampuni ikafilisika 2014.

Swali: Mimi ni mwanafunzi. Nisome nini niingie kwenye kazi hii?

Mwanangu, wachoraji wa turbini wamejaa. Soma kutu, soma mipira ya kuzuia maji yasipenye kwenye jenereta, soma nyaya za chini ya bahari. Na ujifunze kuogelea.