Maswali ya Wasomaji: Kuosha Njia za Maji kwenye Pikapu Kuukuu ya Dizeli

SWALI: Ninamiliki Toyota Hilux ya mwaka 1994 yenye injini ya dizeli ya aina ya 3L, ambayo ninaitumia kubebea saruji na nondo. Mjini Dar es Salaam haina shida hata foleni ikiwa ndefu, lakini nikishapita Gongo la Mboto na mzigo na kuanza kupanda Pugu kuelekea Chanika, mshale wa joto hupanda hadi karibu na alama nyekundu, kisha hushuka nikifika tambarare. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiongeza maji ya kisima cha nyumbani, ambayo yana chumvichumvi, na sasa nikifungua rejeta naona maji ya kahawia yenye tope. Fundi wangu anashauri tutie kostiki soda, tuwashe injini kwa muda, kisha tusukume uchafu wote kwa mashine ya kuoshea magari. Je, nikubali? (Msomaji, Chanika)

JIBU: Kuosha ukubali, kostiki na mashine ukatae.

Dalili ulizoeleza zinasaidia sana. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa linapokimbia kwa kawaida lina tatizo la upepo, yaani feni, ilhali gari linalostahimili foleni likashindwa mlimani na mzigo kwa kawaida lina tatizo la maji, kwa sababu injini inayovuta mzigo hutoa joto jingi ambalo rejeta yenye mirija iliyoziba nusu haiwezi kulimudu. Rangi ya kahawia ni kutu ya bloku ya chuma, yaani mwili wa injini. Chumvi ya kisima imeiharakisha kutu hiyo, na madini yaliyomo katika maji hayo yamejenga magamba kwenye kuta za moto za injini, kama yale meupe yanayoganda ndani ya birika la chai. Magamba hayo huzuia joto lisitoke kwenye chuma kuingia kwenye maji, hivyo hata mshale ukiwa katikati, silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, inaweza kuwa imepata joto kuliko dashibodi inavyoonyesha.

Kabla ya kumwaga chochote, fanya uchunguzi mmoja asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi mdomoni, washa injini, na utazame. Mapovu machache ya mwanzoni ni hewa iliyonaswa. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, na hasa mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu kama umejazwa upepo ndani ya dakika moja au mbili, ni dalili kwamba moshi wa silinda unaingia kwenye maji kupitia gasketi au ufa wa silinda hedi. Ukiona hivyo, fedha ya kuosha iweke kwa ajili ya kufungua hedi, kwa kuwa hakuna dawa ya kuosha itakayoziba ufa.

Ninakataa kostiki kwa sababu inakula aluminiamu, na hata pale ambapo bloku ni ya chuma, mwili wa pampu ya maji na nyumba ya thamostati (vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta) mara nyingi ni vya aluminiamu. Tena inaunguza ngozi na macho vibaya. Mashine ya kuoshea magari nayo ina msukumo mkubwa mno. Kifuniko cha kawaida cha rejeta kimeundwa kuachia kwenye shinikizo la takriban baa 0.9, na rejeta yenye umri wa gari lako haipaswi kusukumwa kupita kiasi hicho. Mpira wa bustani wenye maji ya bomba unatosha.

Kazi yenyewe ianze injini ikiwa imepoa. Weka kitasa cha hita kwenye joto kamili, hata kama hukuwahi kuitumia hita tangu ununue gari, kwa sababu kirejeta chake kidogo nacho kimejaa uchafu uleule. Fungua koki ya chini ya rejeta, kisha utafute koki ya bloku, ubavuni mwa injini. Hii ndiyo ambayo mafundi wengi huiruka. Mara nyingi ukiifungua hakitoki kitu, si kwamba bloku ni tupu, bali tope limeziba tundu. Chokoa taratibu kwa waya mpaka maji yatoke, na usishangae yakianza kama uji mwekundu. Kinga yote kwenye ndoo na uyapime, kwani kipimo hicho utakihitaji baadaye. Kama kuna kulanti (dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji) ya zamani ndani yake, usimwage mtaroni wala uani: ina ladha tamu inayovutia wanyama, nayo ni sumu kwa mbuzi, mbwa na watoto.

Jaza maji safi, endesha injini hadi mpira wa juu wa rejeta uwe wa moto, jambo linaloonyesha kwamba thamostati imefunguka, zima, subiri ipoe, kisha mwaga. Rudia mpaka tope lipungue. Baada ya hapo tumia asidi ya sitriki, ule unga wa ndimu unaouzwa kwa watengeneza vinywaji na vyakula, kwa kipimo cha upole cha gramu 50 kwa kila lita ya maji ya mfumo mzima. Endesha injini katika joto lake la kawaida kwa dakika 15 hivi, bila mzigo, kisha mwaga na usuuze mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe. Usiiache humo hadi kesho yake, kwa sababu asidi ikimaliza kutu hugeukia chuma kizima.

Sasa ondoa thamostati na mipira miwili ya rejeta, upitishe maji kinyume na mwendo wake wa kawaida: kwenye rejeta yaingie chini yatokee juu, na kwenye bloku yaingie kupitia nyumba ya thamostati yatokee kwenye koki na njia ya mpira wa chini. Uchafu uliobanwa na mwendo wa kila siku hulegea unaposukumwa kutoka upande mwingine. Ukimaliza na gari kurudi kazini, ipime rejeta kwa kiganja: injini ikishapata moto izime, subiri feni isimame kabisa, kisha pitisha mkono karibu na uso wa rejeta. Sehemu iliyo baridi katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyoziba kabisa, na hapo kuosha kumefika mwisho wa uwezo wake. Ikiwa rejeta yako bado ni ile ya shaba, mafundi wa rejeta wanaweza kuyeyusha lehemu, kutoa tangi la juu na la chini, na kuchokoa mrija mmoja mmoja. Ikiwa ilishabadilishwa na kuwekwa ya aluminiamu yenye matangi ya plastiki, ni kununua nyingine. Nitaongeza tahadhari ambayo fundi wako huenda asiipende: kutu ya zamani wakati mwingine ndiyo inayoziba tundu, na baada ya kuosha unaweza kuona pampu au rejeta ikivuja pale ambapo haikuwa ikivuja. Tundu lilikuwapo.

Tukija kwenye kujaza, wengi huuliza kulanti ni ya nini katika jiji lisilojua barafu. Sehemu muhimu kwako ni viambato vinavyozuia kutu na kulinda pampu, pamoja na kupandisha kiwango cha kuchemka: maji matupu huchemka kwenye nyuzijoto 100 hapa usawa wa bahari, kifuniko kizima huyapandisha hadi karibu 120, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu huongeza nyuzi kadhaa juu ya hapo. Sioni haja ya kuzidi nusu, kwa sababu kulanti hubeba joto kidogo kuliko maji, lakini usishuke chini ya theluthi. Rangi haitambulishi aina, kwa hiyo soma lebo na usichanganye aina mbili.

Kosa la kawaida hutokea hapa. Tuseme mfumo wako, kwa mujibu wa kitabu cha gari, unabeba lita 10, na ulipomwaga mara ya mwisho zilitoka 6. Maana yake lita 4 za maji ya kusuuzia bado zimo ndani. Ukijaza kulanti iliyokwishachanganywa, utaishia na mchanganyiko dhaifu. Nunua ile isiyochanganywa, tia lita 5 kwanza, kisha malizia kwa maji yaliyokenekwa. Dukani ukiomba maji ya betri, hakikisha hupewi yale makali, ambayo ni asidi. Maji ya mvua ya masika nayo yanafaa, mradi uyakinge baada ya mvua za kwanza kuliosha paa.

Mwisho utoe hewa: egesha gari pua ikiwa juu kidogo, hita ikiwa wazi na kifuniko kikiwa kimetolewa, endesha injini huku ukiminyaminya mpira wa juu na kuongeza maji yanaposhuka. Asubuhi inayofuata angalia tena kabla ya kuwasha.

SWALI: Fundi aliyeninunulia gari alitoa thamostati akisema Dar es Salaam ni joto, haihitajiki. Sasa ninajiandaa kuosha rejeta. Niirudishe au niache? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Irudishe, na iwe mpya. Injini ya dizeli imekusudiwa kufanya kazi katika joto maalumu, na ikipoa mno huchoma mafuta vibaya, hutoa moshi, hulika silinda na kuchafua oili. Joto la hewa la nyuzi 32 halina uhusiano na hilo, kwa kuwa injini inataka zaidi ya 80. Kuna jambo jingine ambalo waliozoea kuitoa hawalitaji: katika injini nyingi thamostati ina bamba la chini ambalo, inapofunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi daima, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupozwa, na gari ulilotaka lipoe huchemsha likipata mzigo.

Kabla ya kuifunga, ijaribu jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, na upashe moto polepole. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi zilizochapwa juu yake, kwa mfano 82, na kufunguka kabisa nyuzi kumi na kitu baadaye. Ikibaki imefungwa hadi maji yachemke, irudishe dukani. Kipini kidogo kinachocheza kwenye ukingo wake kikae juu, maana ndicho kinachopitisha hewa wakati wa kujaza.

SWALI: Pikapu yangu ya Nissan huchemsha kwenye foleni ya Barabara ya Mandela tu, ikikimbia inapoa. Nimeshaosha mfumo mara mbili. Nioshe tena? (Msomaji, Buguruni)

JIBU: Hapana. Injini ikiwa baridi na imezimwa, zungusha feni kwa mkono: ikijizungukia yenyewe mizunguko kadhaa bila ukinzani, au ukiona alama za mafuta zikitoka katikati yake, klachi ya feni, yaani kiungo kinachoiunganisha feni na injini, imepoteza mafuta ya silikoni na inapaswa kubadilishwa. Kisha chungulia kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, mahali ambapo vumbi na wadudu hujishindilia, na uoshe kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Angalia pia kama kava la plastiki linalozunguka feni lipo, kwa sababu magari mengi yaliyowahi kugongwa mbele hurudishwa barabarani bila kava hilo, na feni hubaki ikizungusha hewa ileile ya moto chini ya boneti.