Urefu wa kipande si idadi: namna ya kusoma mchoro wa sanduku na sharubu

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba katika mchoro wa sanduku na sharubu uliopewa kwenye jaribio, kipande cha sanduku kilicho kulia mwa mstari wa kati kilikuwa kirefu kuliko cha kushoto, nawe ukajibu kwamba data nyingi ziko kulia, ukakosa alama bila kuelezwa kosa liko wapi. Kosa hilo nililifanya kwa miezi mingi nilipokuwa naandika takwimu za samaki katika diko la Sahare (diko ni mahali wavuvi wanaposhushia samaki), hapa Tanga, na ninaamini kwamba mtu akilielewa hilo moja, mchoro uliobaki haumsumbui tena.

Nitakuonyesha kwa namba za asubuhi moja. Zilirudi ngalawa 11, nikapima samaki wa kila moja kwa mizani, kisha nikazipanga kilo zao kuanzia ndogo hadi kubwa: 4, 6, 7, 8, 9, 10, 12, 15, 19, 22 na 61. Kata ukanda wa karatasi, uugawe visanduku 11 vyenye upana sawa, uandike namba moja katika kila kisanduku, halafu uukunje katikati na kuukunja tena katikati. Ukiufungua utaona mikunjo mitatu, mmoja umepita ndani ya 7, wa pili ndani ya 10 na wa tatu ndani ya 19. Hiyo 10 ndiyo namba ya kati, 7 ndiyo robo ya kwanza, na 19 ndiyo robo ya tatu. Sasa hesabu zilizobaki katikati ya mikunjo: kabla ya 7 zipo ngalawa mbili, kati ya 7 na 10 zipo mbili, kati ya 10 na 19 mbili, na baada ya 19 mbili.

Kwenye ukanda ule kila ngalawa ilipewa nafasi sawa. Kwenye mchoro mambo hubadilika, kwa sababu tunapima kwa kilo: sanduku linaanzia 7 na kuishia 19, na mstari wa kati unasimama kwenye 10, kwa hiyo kipande cha kushoto kina urefu wa kilo 3 na cha kulia kilo 9. Kimoja ni mara tatu ya kingine, na ndani ya kila kimoja mna ngalawa mbili tu. Ni kama watu wawili waliobanana kwenye benchi fupi na wengine wawili walioachiana nafasi kwenye benchi refu. Benchi refu halina watu zaidi, lina watu waliotawanyika zaidi. Jibu la swali lako la jaribio, basi, lilitakiwa kuwa kwamba robo ya data iliyo mara tu juu ya mstari wa kati imetawanyika kuliko robo iliyo mara tu chini yake.

Sharubu, yaani mistari inayotoka pande mbili za sanduku, nazo huwachanganya wengi. Kwa desturi aliyoieneza mwanatakwimu Mmarekani John Tukey katika miaka ya 1970 (Mary Eleanor Spear alikwisha kuchora kitu cha jamii hiyo mwaka 1952), tunachukua upana wa sanduku, ambao hapa ni 19 kutoa 7, yaani 12, tunauzidisha kwa 1.5 tunapata 18, kisha tunaweka uzio kilo 18 nje ya kila ukingo. Uzio wa juu unaangukia 37, na wa chini unaangukia chini ya sifuri, mahali ambapo hakuna samaki wa kupimwa. Lakini sharubu haichorwi hadi kwenye uzio. Inaishia kwenye ngalawa ya mwisho iliyo ndani ya uzio, ambayo ni ile ya kilo 22, na upande wa chini inaishia kwenye 4. Ile ya kilo 61 inawekwa kama nukta peke yake.

Nukta hiyo nilitaka kuifuta. Nilijiambia kwamba bila shaka nilikusudia kuandika 16 nikageuza tarakimu, na nilikuwa nimeshika kalamu nilipoamua kwanza kumfuata nahodha. Akanieleza kwamba walikuta kundi la vibua wakavuta nyavu mara mbili, na vijana waliobeba makapu wakathibitisha. Tangu siku hiyo nukta ya pembeni kwangu ni swali la kwenda kumwuliza mtu, na haiwi ruhusa ya kufuta. Tazama pia kwamba kama ingekuwa 16, wastani ungeshuka kutoka kilo 15.7 hadi 11.6, ilhali namba ya kati ingebaki 10 vilevile. Siku ile ngalawa 8 kati ya 11 zilikuwa chini ya wastani, na ndiyo maana wavuvi walinikatalia niliposema kwamba kila chombo kilipata kama kilo 16.

Ukitumia kompyuta usishtuke ikikupa robo za 7.5 na 17 kwa namba hizi hizi. Programu hutofautiana katika kanuni ya kukata robo, na lililo muhimu ni kutumia kanuni moja katika kazi nzima.

Jambo ambalo sanduku linaficha, na ambalo vitabu vingi hulipita haraka mno, ni mlundikano wa sehemu mbili. Kwa wavuvi wa dagaa wanaotumia taa, usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi ni kazi mbili tofauti, kwa kuwa mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa. Nilipochanganya ndoo za mwezi mzima katika mchoro mmoja, mstari wa kati wa sanduku ulikaa sawasawa katikati, mahali ambapo karibu hakuna chombo kilichowahi kufika. Nilipochora masanduku mawili juu ya kipimo kimoja, la giza na la mbalamwezi, hayakugusana kabisa.