Simu ya laki na nusu, yakulipa ama wailipa wewe?

Hili swali naulizwa sana. Mteja aja kuchukua dera lake, aiona simu yangu hapo juu ya meza, na kabla hata hajalipa ashaanza, "dada hii simu yafaa kweli ama ni sifa tu, manake sai zimekuwa bei ya shamba." Na mie huwa sijibu kwanza, nauliza, hiyo utakayonunua itakufanyia kazi gani ambayo ile ulo nayo haiwezi? Wengi hapo ndo huangalia pembeni.

Wacha niseme mapema mie mwenyewe nna simu ya bei, iPhone 13 Pro, nliichukua mpya na pesa ya chama zamu yangu ilipofika, kwa hivo msinione ni mtu wa kuchukia vitu vizuri. Yangu imenilipa. Lakini imenilipa kwa sababu ya kazi nnayofanya, na hiyo ndo habari ambayo watu hawataki kuiskia.

Bei kwanza. iPhone X ilipotoka mwaka 2017 ilikuwa dola 999 na dunia nzima ikapiga kelele ati simu gani hiyo ya dola elfu. iPhone 15 Pro, mwaka 2023, ikaanzia dola 999 zile zile. Yaani kwa Mmarekani hapo katikati bei ya simu ya namna hiyo haikuwa imesonga. Sasa rudi kwetu Kenya ufanye hesabu. Mwaka 2017 dola ilikuwa yacheza kwenye shilingi 103 hivi, kwa hivo hiyo simu bila ushuru wala faida ya mwenye duka ni kama 103,000. Januari 2024 dola imefika karibu 160, dola zile zile 999 zimekuwa karibu 160,000. Elfu hamsini na kitu zimepanda na hakuna hata skurubu moja imeongezwa ndani ya simu kwa ajili ya hizo pesa, ni shilingi yetu tu ilikuwa imelala chini. Halafu shilingi ikaamka mwaka huo huo, dola ikashuka mpaka kama 129, na sijui nyinyi lakini mie nlikuwa napita maduka ya Moi Avenue na Digo Road hapa Mombasa naangalia bei na sikuona zikirudi chini kwa mbio zile zilizopandia.

Ongeza ushuru. VAT asilimia 16 mwaijua, na kutoka Julai 2022 kukaja ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoletwa kutoka nje, na bado kuna ada nyingine za forodha hapo katikati. Kwa hivo ukiona bei ya Marekani kwenye video ya YouTube usiizidishe na dola ukaenda dukani na hiyo pesa kamili, utarudi na kava.

Na sasa hivi hata huko kwao bei zaanza kupanda kweli kweli. Samsung S23 Ultra ilianza kwa dola 1,199, S24 Ultra Januari 2024 ikaja na 1,299. iPhone 17 Pro ya 2025 yaanzia 1,099, ingawa nao hapo wameanzia nafasi ya GB 256 badala ya 128, tusiwadhulumu. Halafu kuna hii shida ya memori. Memori za simu na za kompyuta zatoka kwa makampuni machache sana, Samsung, SK Hynix na Micron ndo wakubwa, na hawa wote sai wakimbilia kuuzia wenye mitambo mikubwa ya AI, hii akili bandia, manake huko ndo kuna pesa, mpaka Micron Desemba 2025 wakatangaza waacha kuuza memori zao za Crucial kwa watu wa kawaida. Vitu vikiwa vichache bei yapanda, na simu ina memori ndani kama kompyuta tu. Kwa hivo yule asemaye "ntangoja zishuke" namwambia usingoje sana.

Kinachoniudhi lakini si bei peke yake, ni kwamba ulipe zaidi na bado wakutolee vitu. Tundu la earphone Apple walilitoa 2016 na iPhone 7. Chaja kwenye boksi wakaiondoa 2020, Samsung wakawacheka kisha wakafanya vile vile mwaka uliofuata na S21, na kwa hiyo hiyo S21 wakatoa na sehemu ya memori kadi. Haya.

Sasa kazi yangu. Mie nauza madera na leso, natoa mzigo Biashara Street, napiga picha, naweka status na TikTok, wateja wengi ni wa Nairobi na bara huko, siwaoni na hawanioni. Kabla ya hii simu nlikuwa na simu nzuri tu ya bei ya kati, yapiga picha zang'ara kabisa, na tatizo lilikuwa ni huko kung'ara. Leso ya rangi ya damu ya mzee yatoka kwenye picha nyekundu kama nyanya. Kijani cha chupa chatoka kama majani ya mgomba. Mteja apokea mzigo, afungua, anitumia picha yake na ujumbe mmoja tu, "hii si ile." Na hana makosa! Narudishiwa mzigo, nalipa mimi gari ya kurudisha, leso ishafunguliwa na kukunjwa vibaya. Na nyumba zetu za Majengo mwajua mwanga wake, dirisha moja laangalia ukuta wa jirani, ikifika saa kumi jioni ndani ushawasha taa.

Hii nilo nayo nikapiga leso ile ile, pale pale mlangoni, nikaishika leso kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine nikalinganisha, rangi ndo hiyo hiyo. Video nayo haitetemeki nikitembea, na nyuzi za mdarizi zaonekana. Mizigo ya kurudishwa kwa sababu ya rangi ikapungua mpaka nikasahau. Hapo mie nasema simu ya bei yafaa. Vile vile wale vijana wapigao video za harusi, wale wa kuuza nyumba za Nyali kwa mtandao, wapishi wa oda, wachora hina. Kama kamera ndo duka lako basi hiyo simu ni kodi ya duka.

Lakini binamu yangu wa Kisauni aendesha tuktuk. Simu yake kazi yake ni M-Pesa, WhatsApp, mpira na ramani mara moja moja akipata mgeni wa Bamburi asojua hoteli yake. Naye ataka Ultra! Nikamwambia, M-Pesa ilianza mwaka 2007, mwaka ule ule ambao iPhone ya kwanza ilitoka, na mpaka leo pesa yako yaingia kwenye kasimu ka mulika mwizi sawa sawa na iingiavyo kwenye simu ya laki mbili, haiji nyingi zaidi. WhatsApp haijui bei ya simu. Akaniambia ati aitakia mambo ya AI. Nikamuonyesha hayo mambo ya AI kwenye simu ya mamangu ya bei ya kati, mengi ni apu tu, kazi yafanywa huko kwenye intaneti kisha warudishiwa jibu. Kilichobaki ni watu kumuona nayo steji, na sikatai, heshima ya steji nayo ni kitu, lakini tuiite jina lake.

Kuna gharama nyingine ambayo hawa wa YouTube hawaitaji manake wao hawaishi Mombasa. Joto na chumvi. Apple wenyewe wasema simu yao itumike kwenye hewa ya nyuzi 0 mpaka 35. Februari na Machi hapa kivulini tu twakaribia hapo, sasa iweke kwenye dashibodi ya tuktuk saa nane mchana ikiwa kwa chaja na ramani imewashwa. Betri haipendi joto, na betri za iPhone mpaka zile za 14 zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya nguvu baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, kuanzia 15 ndo wakasema mara 1,000, na hiyo ni kwa hali nzuri, si kwa kaskazi yetu.

Chumvi ndo mbaya zaidi. Nlienda kwa fundi wangu nyuma ya Digo Road kubadilisha betri, nikakaa pale nikamuangalia kazi yake. Mezani kwake kulikuwa na simu ya mtu, ya bei kuliko yangu, ameifungua. Tundu la chaja limefanya ukijani kama sufuria ya shaba iliyosahaulika, na ile gundi nyembamba inayozunguka ukingo kuzuia maji imekauka, aigusa na kibano yatoka vipande vipande. Mwenyewe alisema simu ni ya kuzuia maji akawa apiga picha nayo baharini pale Nyali. Fundi acheka. Hiyo IP68, ile alama ya kuzuia maji na vumbi, inapimwa kwa maji yasokuwa na chumvi, si maji ya bahari, na huwa yapungua nguvu simu ikizeeka ama ikishafunguliwa, na ukisoma karatasi ya garanti utaona maji hayamo. Kioo je? Nikamuuliza kioo cha ile Ultra aitakayo binamu yangu akaniambia kile halisi niandae elfu thelathini na kitu kwenda arobaini, pesa ya kununua simu nzima inayofanya kazi vizuri. Kwa hivo kabla hujanunua jiulize, ikianguka kwa lami pale Mwembe Tayari leo jioni, nnayo hiyo arobaini? Ka huna, bado hujafika bei yake hata ka unayo ile laki na nusu.

Kuna njia ya katikati na hiyo ndo nawapendekezea wengi. Chukua simu ya juu ya miaka miwili mitatu nyuma, ilotumika lakini nzima. Hapo angalia sana miaka ya apudeti iliyobaki, yale marekebisho ambayo kampuni hutuma kwenye simu, manake apu za benki huja zikakataa simu ilozeeka. Samsung kuanzia S24 walitoa ahadi ya miaka 7, Google nao Pixel 8 ya 2023 miaka 7. S22 ya mwaka 2022 ilipewa miaka 5 ya apudeti za usalama, kwa hivo yaishia 2027, ukiuziwa leo kwa bei kubwa ati ni "bado kali" mwambie kali ya wapi. S24 hiyo hiyo yafika 2031. Kwa iPhone, zile XS na XR za 2018 ziliachwa na iOS 26, mfumo mpya wa Apple, mwaka 2025, iPhone 11 ya 2019 ikabaki ndani, kwa hivo piga hesabu zako hapo.

Na hata hizi za bei ya kati si za kudharau tena, Samsung A36 na A56 zimepewa ahadi ya miaka 6. Ka hujui uchukue gani na kazi yako haihusu kamera, chukua moja ya hizo ukalale.

Ukinunua ilotumika, bonyeza *#06# uone namba ya IMEI, ndo kitambulisho cha simu, na iwe sawa na ile ya boksi, na uulize iliingiaje nchini manake tangu Januari 2025 KRA, watu wa ushuru, wataka IMEI za simu zinazoingizwa zitangazwe. Mwambie muuzaji atoe akaunti yake mbele yako, iCloud ama Google, si "ntakutumia pasiwadi jioni". Kwa iPhone ingia kwenye seting, sehemu ya kuhusu simu, kukiwa na kioo ama betri si halisi yaandika. Kisha iwashe kamera, piga kitu cheupe, piga video, piga simu kwa mtu, chomeka chaja, usione haya, pesa ni yako.

Na jihadhari na simu ya bei rahisi mno ya "nna shida ya haraka nauza". Nyingi ni za mkopo wa kila siku, mwenyewe ashaacha kulipa, utakaa nayo kidogo kisha yajifunga na wewe ndo wabaki na kipande cha kioo.

Hizo za mkopo zenyewe sizikatai, zimewapa watu wengi simu nzuri ambazo kwa mpigo mmoja wasingezipata. Lakini watu wasikia bei ya siku tu. Tuseme watoa 15,000 mbele halafu 250 kila siku mwaka mzima, yasikika kama pesa ya viazi karai na soda, kumbe 250 mara 365 ni 91,250, weka na ile ya kwanza yafika 106,250. Sasa ingia dukani uulize simu ile ile kwa pesa taslimu ni ngapi uone pengo. Muuzaji akikuambia ya siku muulize ya jumla, na akisita toa hiyo simu yako ya zamani ufungue kikokotoo, hiyo hesabu yaiweza vizuri tu.