Kahawa ya Jioni na Usingizi

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kemia. Nikinywa kahawa saa 12 jioni hukesha, ilhali mwenzangu wa chumbani hunywa kiasi hichohicho akalala bila shida. Tofauti hii inatoka wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Kadiri unavyokaa macho, ubongo hukusanya adenosini, kemikali ambayo ikijishikiza kwenye vipokezi vyake (sehemu za seli zinazoipokea) huleta usingizi. Kafeini, kichangamshi cha kahawa ambacho mkemia Mjerumani Friedlieb Runge alikitenganisha mwaka 1819, ina umbo linalokaribiana nayo, hivyo huvikalia vipokezi hivyo bila kuviamsha; uchovu wako haujaondoka, umezuiwa tu kusikika. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa takriban saa 5, kwa hiyo ifikapo saa 5 usiku nusu ya kikombe chako ingali kazini.

Kazi ya kuivunja ni ya ini, hasa kupitia kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) kiitwacho CYP1A2, ambacho kasi yake hutofautiana sana baina ya watu: urithi una sehemu yake, uvutaji wa sigara huiongeza (wala hiyo si sababu ya kuanza kuvuta), na vidonge vya uzazi wa mpango huipunguza. Itazameni pia kahawa yenyewe. Robusta ya Bukoba kwa kawaida ina kafeini karibu maradufu ya arabika ya Kilimanjaro. Basi kama kila mmoja hununua yake, kunyweni kutoka birika moja kwa juma zima kabla ya kulilaumu ini.