Kapasita kupasuka ndani ya epoksi

Mkuu, unasema bodi ya taa yako imepasuka sababu ya epoksi feki, ile gundi ngumu ya kumwagia bodi, ila sio hivyo, umeizika humo kapasita nzima, kile kikopo cha kutunza chaji, ndo maana. Cheki juu ya kikopo chake, kuna mikato kama msalaba au herufi K, pale ndo pa kupumulia, ikichemka gesi inatokea hapo, sasa we umepaziba na kitu kigumu kama jiwe presha itaenda wapi, lazima ipasue bloku lote na iondoke na IC (chipu) ya jirani. Mi natengeneza taa za kuvulia dagaa hapa Kirumba, Mwanza, juu ya kapasita nafunika kizibo cha chupa ya maji kiwe na hewa ndani, nakishika na silikoni kidogo tu, epoksi naishia pembeni yake, presha ikija king'oke chenyewe. Kati yake na IC simamisha kipande cha bodi tupu kama ukuta. Penye fyuzi weka fyuzi, sio waya. Na hiyo kapasita ya volti 16 toa, paneli ya sola ya volti 12 ikiwa haina mzigo inafika volti 21 hivi, weka ya volti 35. Ukiwasha mara ya kwanza usiiinamie, mi nyusi zilivyoungua najua mwenyewe.